Namna ya Kukataa Sampuli za Maziwa ya Kopo na Kuziripoti

Mwongozo huu ni wa mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, na wale wanaoishi naye nyumba moja: mume, mama mzazi, mama mkwe, msaidizi wa nyumbani. Unaeleza la kufanya pale maziwa ya kopo ya mtoto mchanga yanapofika mikononi mwenu bila mtu yeyote kuyaomba. Yanaweza kuja ndani ya mfuko wa zawadi unaotolewa siku ya kuruhusiwa hospitalini, yakaja kama pakiti ndogo kwenye semina ya wajawazito iliyofanyika hotelini, au yakaja baada ya simu ya mtu anayejitambulisha kuwa mshauri wa lishe, ambaye tayari anajua jina lako na umri wa mimba yako. Kwa njia yoyote yatakayokuja, hiyo ni sampuli ya biashara, na nchini Kenya na Tanzania sheria hairuhusu kampuni ya maziwa hayo wala wakala wake kukupa.

Msimamo wangu ni kwamba sampuli hiyo haifai kuingia nyumbani hata kama hamna nia ya kuitumia. Sababu yake ni vizuri ieleweke kabla ya hatua zenyewe, kwa kuwa familia isiyoielewa itaona kukataa kitu cha bure ni kiburi.

Maziwa ya mama hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Siku mbili tatu za mwanzo matiti hutoa dang'a, maziwa mazito ya rangi ya manjano ambayo kwa macho huonekana machache mno, lakini humtosha mtoto ambaye tumbo lake bado ni dogo, tena yamejaa kinga dhidi ya maradhi. Maziwa mengi huanza kujaa kati ya siku ya pili na ya tano. Katika kipindi hicho mtoto hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, pengine mfululizo jioni nzima, na kule kunyonya ndiko kunakouamsha mwili wa mama utengeneze zaidi. Mtoto anayetaka titi kila wakati katika siku hizo kwa kawaida anafanya kazi yake, wala si dalili kwamba mama amekauka.

Siku hizo hizo ndizo zinazolengwa na sampuli. Mtoto analia saa nane za usiku, mama ana mshono unaouma, shangazi aliyekuja kumuuguza anasema titi halina kitu, na kopo lipo kabatini tayari. Chupa moja ikitolewa, mtoto hulala kwa muda mrefu, na nyumba nzima huamini kwamba shida ilikuwa njaa. Lakini titi lililorukwa usiku huo hubaki limejaa, na titi linalobaki limejaa hupunguza utengenezaji wake. Kesho yake maziwa huwa machache kweli, chupa ya pili huonekana ya lazima, na mtoto aliyezoea chuchu ya mpira, ambayo humiminia maziwa bila jitihada, huanza kulikataa titi. Kopo la gramu 400 halimalizi wiki kwa mtoto mchanga anayelishwa hilo peke yake. Likiisha, maziwa ya mama yameshapungua, na kuanzia hapo kila kopo hununuliwa kwa fedha ya familia. Familia isiyo na uwezo wa kununua kila wiki huanza kupunguza vijiko na kuongeza maji, na mtoto huanza kukonda na kuharisha.

Sheria inasema nini

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1939, daktari wa watoto Cicely Williams, akiwa Singapore, alisema hadharani kwamba vifo vya watoto vinavyosababishwa na propaganda ya ulishaji usiofaa vihesabiwe kuwa mauaji. Katika miaka ya 1970 ikafahamika duniani kwamba makampuni yalikuwa yakiwapeleka wauzaji waliovalia sare za wauguzi kwenye hospitali za nchi maskini, wakigawa makopo kwa wazazi. Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Mbadala wa Maziwa ya Mama, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani tarehe 21 Mei 1981 kwa kura 118 za kukubali dhidi ya kura 1 ya kupinga, ambayo ilikuwa ya Marekani. Ibara ya 5 ya Kanuni hiyo inakataza watengenezaji na wasambazaji kuwapa sampuli wajawazito, kina mama au watu wa familia zao, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine. Inakataza pia zawadi, na inawakataza wauzaji kuwatafuta kina mama hao kwa njia yoyote.

Kanuni ya kimataifa peke yake haimfungi mfanyabiashara mpaka nchi iifanye kuwa sheria yake. Kenya ilifanya hivyo kwa Sheria Namba 34 ya mwaka 2012 inayodhibiti mbadala wa maziwa ya mama, ikaiongezea kanuni za utekelezaji mwaka 2021. Tanzania ina kanuni zake tangu mwaka 1994, zikafanyiwa marekebisho mwaka 2013. Kwa hiyo unapokataa sampuli katika nchi hizi hufanyi ukaidi wala huombi upendeleo. Anayekupa ndiye anayepaswa kujieleza.

Jihadhari na hoja moja ambayo wauzaji hupenda kuitumia, kwamba bidhaa wanayoigawa si ya mtoto mchanga bali ni ya mtoto aliyepita miezi 6 au mwaka, kwa hiyo haimo katika katazo. Makopo hayo hutengenezwa kwa rangi, nembo na jina lile lile, yakatofautishwa kwa tarakimu tu, ili mama aliyezoea moja asisite kununua jingine. Mwaka 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliukaribisha mwongozo unaoyahesabu maziwa yote yanayouzwa kwa ajili ya watoto hadi miezi 36 kuwa mbadala wa maziwa ya mama. Chupa na chuchu za mpira nazo zimo katika Kanuni tangu mwanzo.

Kabla ya kujifungua

Kazi kubwa ya kuzuia sampuli hufanyika wakati wa ujauzito, na huanza na namba ya simu. Muuzaji hawezi kukutumia kopo wala ujumbe asipojua uko wapi na utajifungua lini. Taarifa hizo mara nyingi tunazitoa wenyewe: kwenye fomu ya bahati nasibu ya duka la nguo za watoto, kwenye daftari la mahudhurio la semina, kwenye programu ya simu inayohesabu wiki za mimba, au kwenye kundi la kina mama la mtandaoni ambalo mwenyeji wake hajulikani. Kabla ya kuandika tarehe yako ya kujifungua mahali popote nje ya kliniki, uliza ni nani anayeikusanya na ataipeleka kwa nani. Ukiwa na shaka, acha sehemu hiyo wazi. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF uliotolewa mwaka 2022, uliowahoji wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi 8, zaidi ya nusu walisema wamefikiwa na matangazo ya maziwa ya kopo.

Ikiwa tayari unapokea simu au ujumbe, jibu mara moja kwa maandishi: "Sikuomba huduma hii. Naomba mfute namba yangu na taarifa zangu zote, na mnijulishe mlizipata wapi." Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2022, na zote mbili zinakupa haki ya kupinga taarifa zako kutumiwa kukutangazia biashara. Usifute mazungumzo hayo, kwa kuwa yatakufaa mbele.

Kwenye kliniki, uliza mapema kituo utakachojifungulia kina utaratibu gani. Uliza kama mtoto atawekwa kifuani mwako mara tu anapozaliwa na kuanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza, kama atalala nawe chumba kimoja, na kama atapewa chochote kisichokuwa maziwa yako bila wewe kuambiwa. Kituo kinachofuata Hatua Kumi za hospitali rafiki kwa mtoto, mpango ulioanzishwa mwaka 1991, kitakujibu bila kusitasita. Mwombe muuguzi aandike katika kitabu chako cha kliniki kwamba umechagua kunyonyesha maziwa ya mama pekee. Mstari huo mmoja husaidia sana zamu zinapobadilishana usiku.

Kisha kaa na watu wa nyumbani. Mama mkwe aliyelea watoto sita hapendi kusomewa kanuni, na hana sababu ya kusomewa; mwombe badala yake akusaidie jambo mahususi, kwa mfano kukupikia uji na kukushikia mtoto ulale kati ya kunyonyesha. Mwambie mumeo kwamba akiletewa kopo na yeyote, hata na mkubwa wake wa kazi, asilipokee kabla ya kuzungumza nawe. Ndugu anayenunua kopo kwa fedha yake kwa mapenzi hakuvunja sheria yoyote. Mshukuru, mweleze, na umwombe alirudishe dukani na risiti likiwa halijafunguliwa.

Unapopewa

Kukataa hakuhitaji hotuba. Kwa muuzaji, sentensi moja inatosha: "Asante, sipokei sampuli za maziwa ya mtoto, na sheria haikuruhusu kunipa." Asiporidhika, usijadiliane naye juu ya virutubisho, maana hayo ndiyo mazungumzo aliyofundishwa. Muulize jina lake na kampuni yake, uandike mbele yake.

Kwa muuguzi ni vigumu zaidi, na hapa nakaa kidogo. Mama aliyelala kitandani anamtegemea yule yule anayempa kopo kwa dawa, kwa mshono, na kwa karatasi ya kuruhusiwa. Katika utafiti niliokwisha kuutaja, zaidi ya theluthi moja ya wanawake walisema mhudumu wa afya aliwahi kuwapendekezea chapa fulani ya maziwa, na neno la mhudumu lina uzito kuliko bango lolote. Mara nyingi muuguzi mwenyewe ameachiwa sanduku ofisini na mtu mwenye maneno mazuri, pamoja na kalamu na kalenda, na hajui kwamba ametumiwa. Sema kwa heshima: "Sista, naomba kujua, haya maziwa daktari ameyaandika kwa sababu ya ugonjwa fulani wa mtoto, au yanagawiwa kwa kila mtu? Kama yanagawiwa, naomba yasiwekwe kwenye mfuko wangu, na naomba uniangalie mtoto anavyoshika titi." Swali hilo hutenganisha tiba na biashara bila kumvunjia mtu heshima, na hurudisha mazungumzo kwenye msaada unaouhitaji.

Usiku wa mashaka

Ukishakataa kopo, yatakuja mashaka, na mashaka yanataka vipimo badala ya maoni. Hesabu nepi: kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa angalau mara 6 kwa saa 24, na mkojo wake huwa mweupe au wa manjano hafifu. Ni kawaida mtoto kupungua uzito kidogo siku za mwanzo na kuurudia ule wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili, kwa hiyo mpeleke apimwe. Tazama anavyonyonya: mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe ndani. Mama anayeumia kila mtoto anaponyonya kwa kawaida ana tatizo la mkao, na tatizo hilo muuguzi mzoefu au mhudumu wa afya ya jamii anaweza kulirekebisha kwa kuketi nawe kitandani na kukuonyesha. Lakini mtoto anayelala mno hata haamki kunyonya, anayekojoa kidogo, mwenye homa au ambaye macho yake yanazidi kuwa ya manjano apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, asingojewe asubuhi ya kesho.

Ukikaribia kurudi kazini, mashaka hurejea na sampuli nazo hurejea. Jifunze mapema kukamua kwa mkono. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda wa saa 4 nje mahali pasipo na joto kali, na siku 4 kwenye jokofu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, na sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama muda wa hadi saa 2 katika kila siku ya kazi kwa ajili ya kunyonyesha.

Pale kopo linapohitajika kweli

Wapo watoto wanaohitaji maziwa ya kopo, na mama zao hawakukosea lolote. Mtoto aliyefiwa na mama, mtoto mwenye maradhi adimu yanayomzuia kutumia sukari ya maziwa ya mama, mama anayetibiwa saratani kwa dawa kali: hawa wanastahili msaada kamili bila kunyooshewa kidole. Hata kwao sampuli haifai kitu, kwa sababu inakwisha baada ya siku chache na mtoto bado ana miezi mbele yake. Wanachohitaji ni daktari aandike aina na kiasi, na mpango wa kuyapata maziwa hayo kwa muda wote utakaohitajika. Kwa watoto wachanga wagonjwa au waliozaliwa kabla ya wakati, ipo pia njia ya maziwa yaliyotolewa na kina mama wengine na kupashwa joto ili yawe salama. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani jijini Nairobi ilifungua benki ya maziwa ya aina hiyo mwaka 2019.

Mama anayeishi na VVU na anayetumia ARV kama inavyotakiwa hushauriwa kumnyonyesha mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6. Asianze kuchanganya na kopo la bure kabla ya kuzungumza na kliniki yake.

Unga wa maziwa ya kopo hauuliwi vijidudu vyote kiwandani. Anayelazimika kuutumia achemshe maji, ayaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa ili yawe bado na joto la angalau nyuzi 70, achanganye kwa kipimo kilichoandikwa bila kupunguza, ayapoze mpaka yamfae mtoto, na amwage yaliyobaki baada ya saa 2.

Kwa jamaa walio Marekani, mambo ni tofauti. Nchi hiyo haina sheria ya taifa inayokataza sampuli, na huko zinaweza kukufikia kwa posta kwa sababu tu uliandika tarehe ya kujifungua katika orodha ya zawadi dukani. Huwezi kuripoti kosa ambalo sheria haikuliweka, lakini unaweza kuiandikia kampuni ifute anwani yako, na kuiambia hospitali mapema kwamba hutaki mfuko wa zawadi. Hospitali nyingi za huko zimeacha kuigawa zenyewe. Katika jimbo la Massachusetts hospitali zote za uzazi ziliacha kufikia mwaka 2012.

Kutunza ushahidi na kuripoti

Ikiwa sampuli imeshafika nyumbani, usiifungue na usimpe jirani, maana kwa kumpa unaifanya safari ambayo kampuni ilitaka ifanywe. Najua inauma kuona chakula kimekaa bure, lakini kopo lililofungwa ni ushahidi. Lipige picha mbele na nyuma, kisha ligeuze upige picha ya chini, mahali palipochapwa namba ya toleo na tarehe za kutengenezwa na kuisha muda; namba hiyo husaidia kufuatilia lilipitia kwa msambazaji yupi. Hifadhi mfuko, kipeperushi, kadi na ujumbe wa simu. Andika siku hiyo hiyo nani alikupa, wapi, saa ngapi, na alisema nini kwa maneno yake mwenyewe.

Nchini Kenya peleka taarifa kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yako. Nchini Tanzania anza na afisa afya au afisa lishe wa halmashauri. Kwa upande wa bidhaa yenyewe, udhibiti wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019. Barua iwe fupi, kwa mfano:

"Ninaripoti kwamba tarehe …, saa …, nikiwa katika wodi ya wazazi ya …, nilipewa bila kuomba kopo moja la maziwa ya mtoto lenye uzito wa gramu …, jina la bidhaa …, namba ya toleo …. Aliyenipa alijitambulisha kuwa … na alisema kwamba …. Kopo halijafunguliwa na niko tayari kulikabidhi. Nimeambatanisha picha. Naomba namba ya kumbukumbu ya malalamiko haya na taarifa ya hatua zitakazochukuliwa."

Katika barua hiyo weka lawama mahali pake. Ikiwa muuguzi alikabidhi tu kilichoachwa wodini, eleza hivyo, na omba ichunguzwe ni nani aliyekiacha. Kama unahofia kutendewa vibaya unaporudi kituoni kwa chanjo, barua inaweza kuandikwa na mumeo au ikapelekwa na mhudumu wa afya ya jamii. Unapokabidhi kopo dai maandishi ya kulipokea yenye sahihi na tarehe, ubaki na nakala ya kila karatasi. Na kama wiki mbili zitapita bila jibu, rudi na nakala hizo ofisini, kisha umpelekee nyingine msimamizi wa hospitali na mkuu wa idara ya afya ya kaunti au mganga mkuu wa wilaya, ukitaja katika kila barua tarehe ya ile ya kwanza.